Kambare Dodoma: kumtambua, kujua makazi yake na kumvusha kipupwe bwawani

Kambare ni samaki wa chini. Anakula chini, analala chini, na maji yakipoa ni hukohuko chini anakojibanza. Mfugaji wa Dodoma hupoteza chakula na samaki mwezi wa sita hadi wa nane kwa sababu anapima na kulisha kwa kutazama uso wa maji, na uso wa maji hausemi kinachoendelea mita moja na nusu chini yake. Mwongozo huu unaanza na samaki mwenyewe, maana ukishamjua maumbile na makazi yake, kazi ya bwawani haikupi shida kuielewa.

Anakoishi

Kanda ya kati kuna sehemu tatu za kumwona kambare wa asili. Kwanza ni majaluba na mbuga za Bahi, bonde lisilo na mlango wa kutokea, ambako Mto Bubu unamwaga maji ya masika na kuyaacha yakauke taratibu. Pili ni bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, ambalo maji yake yana chumvi kiasi na sakafu yake imejaa tope lililoletwa na mito. Tatu ni Mtera, kwenye Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, ambako maji hupanda na kushuka sana kati ya masika na kiangazi.

Sehemu zote tatu zina tope laini chini, maji yaliyochafuka kwa udongo, na nyasi pembezoni zinazofunikwa na maji mvua ikinyesha. Kambare hutaga kwenye nyasi hizo mafuriko yanapofika. Mayai yake yananata kwenye majani. Maji yakirudi nyuma hufuata mkondo, na akichelewa hubaki kwenye vidimbwi. Bahi ikikauka hujichimbia kwenye tope bichi na kuendelea kuvuta hewa. Hapa watu humchanganya na kamongo. Kamongo hujitengenezea gamba la ute na kulala ardhini miezi mingi, kambare hawezi. Tope likikauka kabisa, kambare hufa. Kwa hiyo usisadiki kwamba ni samaki asiyeuawa na kitu. Anavumilia uhaba wa oksijeni, havumilii ukavu, na baridi haipendi.

Anavyoonekana

Mshike samaki mmoja, umlaze juu ya gunia lililoloweshwa, kisha mkague kuanzia kichwani.

Kichwa ni bapa, kipana, kigumu kama kifuniko cha mfupa. Kwa kambare mkubwa ukipitisha kidole juu ya kichwa unahisi chenga. Kwa mdogo ni laini. Macho ni madogo mno kwa ukubwa wa kichwa. Mdomo ni mpana, na ndani yake hakuna meno marefu bali mikanda ya vijino vifupi vinavyokwaruza kama msasa. Kuzunguka mdomo hesabu masharubu: lazima yawe manane. Mawili yako puani, mawili marefu kwenye pembe za mdomo, manne chini ya kidevu. Hayo ndiyo macho yake ya gizani. Kwayo anapapasa na kuonja tope.

Mwili ni mrefu, hauna gamba hata moja, umefunikwa na ute. Pezi la mgongoni ni refu, laini, linaanza nyuma kidogo ya kichwa na kukaribia mkia. Mkia wenyewe ni wa mviringo. Hapo ndipo unapomtofautisha na jamaa zake. Kitoga ana mkia uliogawanyika kama panda ya manati, na nyuma ya pezi la mgongo ana pezi jingine la nyama. Gogogo ana mwiba mgumu mgongoni, na masharubu ya kidevuni yana matawi. Ukiona mwiba mgongoni au mkia wa panda, huyo si kambare, hata muuzaji akikuapia.

Rangi usiitegemee. Kambare yuleyule akikaa kwenye maji meupe ya udongo huwa kijivu hafifu. Akihamishiwa maji meusi yenye kivuli, mgongo unakuwa mweusi ndani ya siku chache. Tumbo hubaki jeupe.

Funua kifuniko cha shavu kwa kidole. Juu ya matamvua utaona kitu chekundu chenye vitawi vingi, kama kichaka kidogo. Hicho ndicho kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu. Anapanda, anabugia hewa, anarudi chini. Akizuiwa kupanda, kwa wavu au kwa turubai lililolala juu ya maji, hufa kwa kukosa hewa ilhali yumo majini.

Kila pezi la kifua lina mwiba wenye meno meno, na akishtuka huukaza ukasimama wima. Mshike nyuma ya kichwa, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, nyuma ya miiba hiyo wala si mbele yake. Ukichomwa, osha kwa maji safi na sabuni mara moja, maana kidonda cha mwiba wa kambare huvimba. Dume ana kichuchu kirefu kilichochongoka nyuma ya tundu la haja. Jike hana hicho, ana tundu la mviringo.

Jambo moja la soko linalotokana na maumbile hayo: Wasabato hawali samaki asiye na magamba. Kabla ya kuchimba bwawa, jua wanunuzi wako ni nani.

Baridi inavyoingia bwawani

Mji wa Dodoma uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Julai jua ni kali, lakini alfajiri joto la hewa hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Kambare hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Chini ya 20 hamu ya kula inapungua sana. Chini ya 18 karibu hali kabisa. Hafi haraka kwa baridi ya namna hiyo. Kinachomuua ni chakula ulichoendelea kumtupia.

Maji ya baridi ni mazito kuliko ya vuguvugu. Usiku uso wa bwawa unapoa, maji hayo yanazama, ya chini yanapanda nayo yakapoe. Mchana jua linapasha sentimita chache za juu tu, hasa kwenye mabwawa yetu yenye maji ya udongo, kwa sababu udongo unalizuia jua lisipenye. Saa 9 alasiri unaweza kukuta nyuzi 26 juu na 21 chini. Mfugaji anachovya mkono, anasema maji yamepata joto, anamwaga pelete (punje za chakula cha samaki) zinazozama. Zinafika kwenye nyuzi 21, zinaliwa nusu, nyingine zinaoza. Baada ya wiki mbili tope linanuka yai viza.

Kwa hiyo pima chini. Huhitaji kifaa cha gharama. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, ifunge jiwe la kilo moja kwa kamba, iwekee kizibo cha gunzi la mhindi kilichofungwa kamba ya pili. Ishushe hadi chini, vuta kamba ya kizibo, subiri dakika moja ijae, ipandishe haraka na utie kipimajoto ndani kabla maji hayajapata joto la hewa. Fanya hivyo saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri, juu na chini, uandike kwenye daftari. Siku tatu mfululizo zinatosha kukuonyesha tabia ya bwawa lako.

Kina, na kosa la shimo

Wengi huchimba shimo ndani ya bwawa wakidhani samaki atajificha humo baridi ikija. Shimo la kukusanyia samaki wakati wa kuvuna ni zuri, ila halimkingi na baridi. Maji yaliyopoa kwenye kingo zenye kina kifupi huteremka na kujaa humohumo. Kinachosaidia ni bwawa zima kuwa na kina.

Hesabu yake ni hii. Joto hutoka kupitia uso wa maji, na kila mita ya mraba hupoteza kiasi karibu sawa iwe maji ni mengi au machache chini yake. Usiku unaopunguza nyuzi 2 kwenye bwawa lenye kina cha mita 1.5 utapunguza nyuzi 5 kwenye lenye sentimita 60. Chimba mita 1.3 upande wa kuingizia maji, uteremke hadi mita 1.7 upande wa kutolea. Kingo ziteremke kwa mwinuko wa kutosha pasiwe na sehemu pana yenye maji ya kufika magotini.

Udongo wa mbuga, ule mweusi mzito, unashika maji vizuri lakini hupasuka ukikauka. Usiache bwawa tupu kiangazi kizima ukategemea kingo zibaki nzima. Udongo mwekundu wa kichanga wa miinukoni unavujisha. Huo utandikie plastiki nzito au usichimbe.

Kiangazi maji hupungua kila siku, na ni muhimu ujue yanakauka kwa jua au yanavuja. Jaza ndoo maji, isimamishe juu ya mawe ndani ya bwawa, mdomo ukiwa juu kidogo ya maji, weka alama ndani ya ndoo na kwenye mti uliosimikwa bwawani. Baada ya siku tano pima zote mbili. Vikishuka sawa, ni jua na upepo. Bwawa likishuka zaidi, tofauti hiyo inavuja. Kwa bwawa la mita 10 kwa 15, kila sentimita moja ni lita 1,500, na hizo ndizo utakazonunua au kuvuta.

Upepo, uzio na sumu ya mnyaa

Upepo wa kiangazi wa Dodoma, unaovuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki, hupoza bwawa kuliko hewa yenyewe, kwa sababu unakausha maji. Weka kizuizi upande huo: uzio wa mabua ya mtama au uwele wenye kimo cha mita mbili, umbali wa mita mbili hadi tatu kutoka ukingoni.

Usitumie minyaa. Ugogoni ni uzio wa kawaida, inaota bila shida, lakini utomvu wake ni sumu inayoua samaki, na tawi moja likikatika upepo ukalipeleka majini linatosha kwenye tanki dogo. Kama boma lako tayari lina minyaa, chimba bwawa mbali nayo na usiipogoe siku ya upepo. Mwarobaini nao usiwe na matawi juu ya maji.

Kwa tanki au bwawa dogo, funika usiku. Simamisha fremu ya miti, tandaza turubai saa 11 jioni, ondoa saa 2 asubuhi. Acha nafasi ya sentimita 30 kati ya turubai na maji, kwa sababu ile ya kuvuta hewa. Tanki la saruji lililosimama juu ya ardhi hupoteza joto hata ubavuni. Lizungushie magunia ya mchanga au matita ya mabua hadi karibu na mdomo.

Maji ya kisima yanayotoka nyuzi 25 alfajiri yanavutia, lakini piga hesabu kwanza. Lita 1,000 zikiingia kwenye tanki la lita 5,000 lenye nyuzi 19, tanki linafika nyuzi 20. Lita 10,000 kwenye bwawa la lita 195,000 hazipandishi hata theluthi ya nyuzi moja. Kwenye bwawa kubwa, maji hayo yatumie kufidia yaliyokauka tu. Yaangushe juu ya mawe kabla hayajaingia, maana maji ya chini ya ardhi huja na oksijeni kidogo.

Kulisha kwa kufuata joto la chini

Tumia kipimo cha chini cha saa 9 alasiri. Kikiwa nyuzi 25 au zaidi, samaki wa gramu 300 wape asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, mara mbili. Kati ya 22 na 25 shusha hadi asilimia 2. Kati ya 19 na 22 toa asilimia 1 mara moja tu, alasiri. Chini ya 18 acha kabisa, na kati ya 18 na 19 ruka siku moja moja.

Kwa samaki 500 wa gramu 300, uzito wote ni kilo 150. Asilimia 3 ni kilo 4.5, asilimia 1 ni kilo 1.5. Tofauti ni kilo 3 kila siku, na hizo ndizo zinazooza chini ya maji kwa mfugaji asiyepima.

Msimu huu tumia pelete zinazoelea, hata kama ni ghali zaidi. Si kwamba kambare amekuwa samaki wa juu. Ni kwamba wewe unaona kilichobaki. Baada ya dakika 15 chota mabaki kwa chekeche yenye mpini, na kesho punguza kiasi kilekile. Chakula cha kujitengenezea cha pumba za mahindi, dagaa na mashudu ya alizeti kinafaa miezi ya joto. Kwenye baridi mashudu yenye maganda mengi hukaa tumboni bila kumeng'enywa, na samaki huvimba.

Chunguza pia upandaji wake. Simama kimya dakika 5 alfajiri. Kwenye maji ya baridi yaliyo salama, kambare hupanda mara chache, taratibu, kisha huzama. Wakipanda wengi kwa pamoja na kuning'inia juu midomo wazi, maji yameharibika chini. Acha kulisha, toa robo ya maji kwa bomba linalonyonya kutoka chini, ongeza maji safi polepole.

Usiwaguse bila sababu

Kuchambua kwa ukubwa kufanyike Aprili, kabla baridi haijaingia. Kambare hulana, na mwenye ukubwa mara mbili ya mwenzake humla bila kusita, kwa hiyo kazi hiyo hairukwi. Lakini ukiifanya Julai, kila mkwaruzo kwenye ngozi isiyo na gamba unageuka mlango wa ukungu. Unauona kama pamba nyeupe iliyoshika kidonda, mara nyingi kwenye mkia au ncha za masharubu. Mtenge huyo, mweke kwenye maji ya chumvi gramu 10 kwa kila lita kwa dakika 10, ukimwangalia muda wote. Akilala ubavu, mtoe papo hapo.

Vifaranga wasiingizwe bwawani Mei hadi Julai. Wakati mzuri ni Septemba na Oktoba, joto linapopanda, ili ufike Aprili na samaki wa kuuza au walau wakubwa wa kuhimili. Chukua wa gramu 10 kwenda juu, wanaolingana. Kagua masharubu manane: yaliyoliwa au mafupi yanaonyesha maji mabaya au njaa kule walikotoka. Tazama utosini: ufa au uvimbe mwekundu juu ya kichwa ni dalili ya chakula kisicho na vitamini C ya kutosha, na mfugaji mpya hawezi kuurekebisha. Kabla ya kuwaachia, acha mfuko wao uelee bwawani dakika 20 hadi 30, uongeze maji ya bwawa kidogo kidogo. Tofauti ya joto isizidi nyuzi 3.

Masika yakianza, zungushia wavu wa kimo cha sentimita 50. Usiku wa mvua kambare hutoka na kutambaa kwa miiba ya kifua hadi mfereji wa jirani.

Kutoka kwenye kipupwe

Mwishoni mwa Agosti usirudi asilimia 3 kwa mkupuo. Subiri kipimo cha chini kikae juu ya nyuzi 22 siku tano mfululizo, kisha ongeza nusu asilimia kila wiki. Choma mti kwenye tope la chini: likiwa jeusi, linanuka, na limezidi sentimita 15, panga kulitoa baada ya mavuno na kumwaga chokaa ya kilimo kilo 10 kwa kila mita za mraba 100 kabla ya kujaza upya. Samaki watakaouzwa kutoka bwawa la namna hiyo wahamishie kwenye tanki la maji safi siku mbili au tatu bila chakula, harufu ya tope iwatoke. Tanki hilo nalo lifunikwe wavu, na lisijazwe hadi mdomoni.